Nyuki Mmoja, Uvimbe Mkubwa: Maji Yale Hutoka Wapi?

Safari hii tunajibu barua. Imetoka kwa wanakisomo wa kijiji kimoja cha wilaya ya Manyoni, upande wa Itigi, kule kwenye vichaka vizito. Karibu wote ni warina asali. Kisomo walikwisha kuhitimu zamani, lakini bado hukutana kila Jumamosi jioni, mmoja husoma kwa sauti na wengine husikiliza na kubisha. Wameandika hivi: sisi tumeumwa na nyuki tangu utoto. Sumu ya nyuki ni tone dogo kuliko kichwa cha pini. Mbona mkono huvimba mpaka hauwezi kushika jembe? Maji yote yale hutoka wapi? Na mbona mwenzetu, mtu mzima mwenye nguvu zake, aliangushwa na nyuki watatu tu?

Swali hili tulilipenda, maana wengi wetu tumevimba lakini hatukuwahi kuuliza. Tukaenda kuwatembelea ili tusikie habari ya huyo mwenzao kwa vinywa vyao wenyewe.

Habari ilikuwa hivi. Ndugu huyo alirina asali tangu kijana, akaacha kwa miaka sita hivi akalima vitunguu. Bei ya vitunguu ilipomchosha akarudi kwenye mizinga. Msimu wa kwanza baada ya kurudi, nyuki mmoja alimwuma shingoni, akavimba kuliko alivyozoea, naye akasema ni uzee. Msimu uliofuata walimwuma watatu, jioni, akiwa anashuka mtini kwa kamba. Hazikupita dakika kumi. Viganja vilianza kumwasha, mwili ukatoka vipele vipana, midomo ikavimba, sauti ikakauka kama ya mtu mwenye mafua. Akatapika, kisha akaanguka.

Wenzake wakafanya lile ambalo kila mtu angefanya: waliita bodaboda, wakamketisha katikati ya watu wawili, safari ya zahanati ikaanza. Hawakufika mbali. Kichwa kililegea, macho yakapinduka. Dereva aliogopa akasimamisha pikipiki, wakamlaza mchangani. Kumbe kumlaza kule ndiko kulikomrudishia fahamu kidogo! Sehemu iliyobaki walimbeba amelala, kwa miti miwili na turubai. Mganga wa zahanati alimchoma sindano moja pajani, na baada ya dakika chache mgonjwa aliomba maji ya kunywa.

Kijijini pakawa na ubishi. Wazee walisema sumu ilifika moyoni. Vijana wakasema alikunywa kitu kabla ya kupanda. Wengine walinong'ona mambo ambayo hatutayaandika hapa. Na wote waliuliza: sindano ile ilikuwa na nini? Sumu iliitoa wapi, ikaipeleka wapi?

Hebu tuanze na uvimbe mdogo, ule wa kila siku.

Watu wengi hudhani kwamba uvimbe ni sumu inayosambaa. Ndiyo maana wengine huchukua wembe wakachanja pale palipovimba, wakakamua, wakaona maji yanatoka wakafurahi kwamba sumu imetoka. Hapana. Sumu kavu ambayo nyuki mmoja hubeba ni kidogo mno. Kupata gramu moja tu kungehitaji nyuki 6,000 au zaidi. Maji yanayojaza mkono uliovimba hayawezi kutoka kwenye kitu hicho. Maji yale ni yako mwenyewe. Yametoka ndani ya damu yako, yakapita ukutani mwa mishipa, yakajaa katikati ya nyama. Wembe haumtoi mtu sumu, ila humwingizia uchafu na vidudu vya pepopunda.

Sasa maji yanapitaje ukutani? Mshipa wa damu si bomba la plastiki. Ndani yake umetandikwa seli, yaani chembe hai, moja kando ya nyingine, kama vigae. Wanasayansi huita utando huu endotelia. Kila mshipa unao, kuanzia ule mkubwa unaotoka moyoni hadi ule mwembamba usioonekana kwa macho. Seli moja ya endotelia ni bapa kama chapati. Ukizipanga kwa urefu wake, huenea 20 hadi 30 hivi ndani ya milimita moja, yaani kile kijistari kidogo kwenye rula ya mwanafunzi. Unene wake, ukiacha pale penye kiini, mara nyingi haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Utando mwembamba namna hii ndio unaoizuia damu yako isijimwage.

Seli hizi hushikana. Kingoni mwa kila moja zimetokeza protini zinazokamatana na za jirani, kama watu walioshikana mikono kwenye duara la ngoma. Zinaposhikana vizuri, maji kidogo na chakula hupita, lakini protini kubwa za damu hubaki ndani. Wajibu wa protini hizo za damu, hasa ile iitwayo albumini, ni kuyavuta maji yasitoke. Mama akinyunyizia chumvi kwenye vitunguu vilivyokatwa, maji huja pale penye chumvi. Ndivyo albumini inavyoyavuta maji yabaki kwenye damu. Albumini ikitoroka, maji nayo huifuata.

Lakini je, seli iliyo kama chapati laini hupataje umbo lake? Kwa nini isijikunje kama tambi?

Fikirini nyumba ya tembe. Udongo peke yake haungesimama. Ndani ya udongo kuna nguzo, kuna fito, kuna kamba zilizofunga fito. Seli nayo ina kiunzi chake. Ndani yake zimo nyuzi za protini iitwayo aktini, nyembamba ajabu, zikiwa zimejengwa kwa punje ndogo ndogo zilizounganishwa kama shanga. Tofauti na tembe ni moja, nayo ndiyo kiini cha maelezo yetu yote. Fundi akimaliza tembe, nguzo hubaki pale pale miaka mingi. Kiunzi cha seli hakitulii. Punje huongezwa upande mmoja na kutolewa upande mwingine, nyuzi hufungwa na kufunguliwa, usiku na mchana. Kwa hiyo seli inaweza kubadili umbo lake kwa muda mfupi sana, mradi iletewe amri.

Seli ikiwa imetulia, nyuzi nyingi za aktini hukaa pembezoni, zimezunguka ukingo kama pindo la mkeka. Zikikaa hivyo, hutegemeza ile mikono ya kushikana na majirani. Amri ya hatari ikija, hujipanga upya: zinakusanyika kuwa kamba nene zinazopita katikati ya seli, toka ukingo hadi ukingo. Halafu protini nyingine, mayosini, hukamata kamba hizo na kuzivuta. Mayosini ni ndugu wa ile inayokaza misuli ya mkono wako unapopanda mtini. Kamba zikivutwa, kingo za seli hurudi ndani. Ile chapati bapa hujikunyata. Jirani yake naye kajikunyata. Katikati yao panabaki upenyo.

Amri yenyewe ni nini? Si sauti wala si umeme. Ni kemikali. Tuifuate kutoka kwenye mwiba wa nyuki mpaka kwenye kamba.

Nyuki akiuma, mwiba wake wenye vikulabu hubaki kwenye ngozi pamoja na kifuko cha sumu, nacho kifuko huendelea kusukuma sumu hata nyuki akiwa ameshakwenda kufa. Karibu nusu ya sumu hiyo ikikaushwa ni kitu kiitwacho melitini, ambacho hutoboa seli na kuleta maumivu. Vimo pia vitu vingine vinavyowaamsha walinzi. Walinzi hawa ni seli ziitwazo masti, zinazokaa katikati ya nyama karibu na mishipa, hasa chini ya ngozi, na njiani mwa hewa na chakula. Kila mlinzi amejaza vifuko vidogo vya kemikali iitwayo histamini. Akiamshwa, huvimwaga vyote mara moja.

Histamini ikifika kwenye seli ya endotelia haiingii ndani. Hubisha hodi mlangoni. Ukutani mwa seli kuna protini iliyochongwa kuipokea histamini, kama kitasa kilivyochongwa kwa ufunguo wake. Tuiite kipokezi. Kipokezi kikishikwa, habari hupelekwa ndani kwa kupokezana, kama tangazo la wilaya linavyokwenda kwa kata, kata kwa kijiji, kijiji kwa balozi wa nyumba kumi. Ndani ya seli kuna ghala la kalisi, madini yale yale yaliyomo kwenye mifupa na maziwa. Tangazo likifika, ghala hufunguliwa na kalisi hutapakaa. Kalisi humwamsha mfanyakazi mmoja ambaye kazi yake ni kubandika alama ndogo ya fosfati kwenye mayosini. Mayosini yenye alama hukamata kamba na kuvuta. Wakati huo huo mjumbe mwingine, aitwaye Rho, huamuru kamba nene zijengwe, tena huwazuia wale ambao wangeibandua alama ile, ili mvuto usilegee upesi. Na ile mikono iliyoshikana kingoni nayo hulegezwa.

Yote haya huanza katika dakika ya kwanza baada ya mlinzi kumwaga vifuko. Bado hujamaliza kulaani, seli zako zimeshaanza kubadili umbo.

Msije mkadhani tunasimulia ngano. Histamini ilichunguzwa na daktari wa Uingereza, Henry Dale, na mwenzake Laidlaw, nao waliandika habari zake mwaka 1910. Ilijulikana kwamba huvimbisha, lakini haikujulikana mahali maji yanapotokea. Mwaka 1961 Guido Majno, mtu wa Italia aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alishirikiana na George Palade. Waliwapa panya histamini, na katika damu yao wakatia chembe nyeusi laini sana za salfaidi ya zebaki. Kisha walitazama kwa hadubini ya elektroni, ambayo hukuza vitu mara maelfu mengi. Wakaziona chembe nyeusi zimekwama kwenye nyufa kati ya seli na seli. Na nyufa hizo hazikuwa kila mahali. Zilikuwa hasa kwenye vijishipa vinavyoipokea damu inayoanza safari ya kurudi moyoni.

Mwaka 1969 Majno na wenzake waliona jambo lingine ambalo sisi tumelipenda zaidi. Katika seli zilizopewa histamini, kiini kilikuwa kimejaa mikunjo, kama ukwaju uliokauka. Kiini hakina sababu ya kujikunja chenyewe. Wakasema: basi seli nzima imejikaza, na kiini kimebanwa humo ndani. Habari za kamba, kalisi na Rho zilifahamika baadaye, kwa kazi ya watu wengi. Mwaka 1992 Anne Ridley na Alan Hall, huko London, walionyesha kwamba Rho ndiye anayeamuru kamba nene za aktini zijengwe ndani ya seli. Wao hawakutumia seli za mishipa, walitumia seli za aina nyingine zinazofuma nyama ya mwili, lakini mjumbe ni huyo huyo.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: maji ya uvimbe hutoka kwenye damu yako mwenyewe, kupitia nyufa zilizofunguliwa na seli zako mwenyewe, kwa amri ya kemikali iliyomwagwa na walinzi wako mwenyewe. Sumu ya nyuki iligonga kengele tu.

Mwanakisomo mmoja alitukatiza hapo. Akasema, mbona mwili ni mjinga hivyo, unajivimbisha bure? Si bure. Kupitia nyufa hizo hutoka kingamwili na protini za ulinzi, na askari wa damu, yaani chembe nyeupe, huitwa nao wajipenyeze kwenda penye hatari. Kidole kikichomwa na mwiba mchafu wa mgunga, uvimbe ule mwekundu wenye joto ni jeshi linaloingia vitani. Nyufa zilizofunguliwa na histamini kwa kawaida hujifunga ndani ya nusu saa hivi. Kalisi hurudishwa ghalani, kamba nene hufumuliwa, aktini hurudi pembezoni, seli hulala bapa tena na kushikana mikono. Uvimbe hubaki siku mbili tatu kwa sababu maji yaliyokwisha toka huondolewa polepole, na kwa sababu kuna kemikali nyingine zinazokuja nyuma ya histamini.

Tuje sasa kwa yule ndugu aliyeanguka.

Mwili ukishakutana na sumu ya nyuki, kwa baadhi ya watu hutengeneza kingamwili za aina ya pekee dhidi ya sumu hiyo. Kingamwili hizo huenda kukaa juu ya walinzi, mwili mzima, zikisubiri. Mtu hajisikii chochote. Siku sumu ikirudi, hata kidogo, walinzi wa mwili mzima huamka pamoja badala ya wale wa mkononi tu. Histamini humwagika kila mahali. Hali hii ilielezwa na Wafaransa Charles Richet na Paul Portier mwaka 1902. Walikuwa wakijaribu kuwazoeza mbwa sumu ya mnyama wa baharini. Mbwa waliopewa dozi ya pili, ndogo, baada ya wiki chache, wakafa kwa dakika. Richet alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1913.

Fikirini maana yake kwa mishipa. Seli za endotelia zinajikunyata mkononi, kifuani, tumboni, kooni, zote kwa wakati mmoja. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, na zaidi kidogo ya nusu yake ni maji ya damu. Madaktari wamepima wagonjwa wa hali hii wakaona kwamba hadi sehemu 35 katika 100 za maji hayo huweza kutoka ndani ya dakika 10. Hiyo ni kama lita moja. Lita nzima imetoka mishipani na hakuna hata tone lililomwagika chini! Mishipa nayo imelegea na kupanuka. Damu iliyobaki haitoshi kujaza moyo, na moyo usio na damu husukuma nini?

Ndiyo maana pikipiki ilitaka kumwua. Mtu wa hali ile akiketishwa au kusimamishwa, damu kidogo aliyobaki nayo huteremkia miguuni na kichwa hukosa. Akilazwa, miguu ikainuliwa juu ya gogo au mfuko, damu hurudi moyoni. Wenzake hawakukosea kwa uzembe. Hakuna aliyewaambia, na sisi wenyewe tumeandika habari za ufugaji nyuki mara nyingi bila kulitaja jambo hili.

Na kwa nini yeye, mwenye uzoefu wa miaka? Uchunguzi wa wafuga nyuki wa Ulaya ulionyesha jambo la kushangaza. Wanaoumwa zaidi ya mara 200 kwa mwaka ni nadra kupata mzio. Wanaoumwa chini ya mara 25 ndio huupata zaidi. Mwili unaoumwa mara kwa mara hutengeneza kingamwili za aina nyingine, za kutuliza. Anayeumwa kidogo, akapumzika, akaumwa tena, anaweza kuingia upande mbaya. Ile miaka sita ya vitunguu huenda ndiyo iliyomgeuza. Na ule uvimbe mkubwa wa msimu wa kwanza, alioudhani ni uzee, ungestahili kupelekwa kwa mganga. Si kila anayevimba sana mahali alipoumwa ataanguka safari ijayo, wengi hawaanguki. Lakini vipele vya mwili mzima, au kukosa pumzi, au kizunguzungu baada ya kuumwa na nyuki mmoja, hiyo si habari ya kuchekea kilabuni.

Sindano ilikuwa na nini? Ilikuwa na adrenalini. Ni kemikali ambayo mwili huitengeneza wenyewe, katika tezi mbili zinazokaa juu ya mafigo, nayo ndiyo inayokudundisha moyo ukikutana na fisi njiani. Mjapani Jokichi Takamine aliitoa ikiwa safi mwaka 1901, alipokuwa Marekani. Sindano haikuitoa sumu popote. Adrenalini nayo ni amri, ila ya kinyume. Ina kipokezi chake kwenye seli ile ile ya endotelia, na mjumbe wake wa ndani huamuru kamba zilegee, aktini irudi pembezoni, mikono ishikane. Hao hao walinzi huwatuliza wasimwage zaidi. Mishipa iliyolegea huibana, njia za hewa huzifungua, moyo huutia nguvu. Kazi tano kwa sindano moja. Hakuna dawa nyingine inayoifikia katika hali hii.

Hapa tuseme wazi kuhusu piritoni, maana kila duka la kijiji linazo. Kidonge cha namna hiyo huziba kitasa ili histamini isiupate mlango. Kinafaa kwa mwasho na vipele. Lakini hufanya kazi polepole, hakirudishi maji yaliyotoka, na histamini si kemikali pekee iliyomwagwa. Mtu anayeishiwa pumzi akipewa piritoni na kuambiwa asubiri, ameachwa. Adrenalini huchomwa na mganga kwenye msuli wa paja upande wa nje, na dalili zisipopungua hurudiwa baada ya dakika 5. Mgonjwa asiachwe aende nyumbani upesi, kwa sababu hali inaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Warina asali wa kijiji wanaweza kwenda zahanati kabla ya msimu, wakauliza kama adrenalini ipo. Swali hilo si ukorofi.

Kuhusu mwiba, watu hubishana kama ukwanguliwe kwa kisu au ung'olewe kwa vidole. Mwaka 1996 wataalamu wa Marekani walijipima wenyewe kwa kuumwa makusudi, wakaona namna ya kuutoa haileti tofauti. Kinachohesabiwa ni upesi, kwa kuwa kifuko humaliza karibu sumu yote katika sekunde 20 hivi. Ng'oa kwa chochote, hata kwa kucha, huku unaondoka pale. Ondoka kweli, maana mwiba hutoa harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita wenzake. Wakiwa mamia, habari ni nyingine kabisa: hapo sumu yenyewe, bila mzio, inaweza kuharibu mafigo na kuua, watoto zaidi kuliko watu wazima. Nyuki wadogo hawana mwiba wa kuuma, kwa hiyo hawamo katika habari hii, ingawa asali yao ni tamu kwetu kuliko zote.

Kabla ya kumaliza, mama mmoja wa darasa lile aliuliza kama utando huu huharibiwa na malaria pia. Swali zuri, nasi tunalijibu kwa kifupi. Chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria kali hujibandika kwenye seli za endotelia ili zisipelekwe kwenye bandama kuharibiwa. Mwaka 2013 wanasayansi, wakitumia pia vimelea kutoka kwa watoto wa Tanzania, walionyesha kwamba vimelea vya malaria kali hujibandika kwenye kipokezi kimoja ambacho kazi yake ya kawaida ni kupokea amri ya kutuliza, ile inayoziambia seli zishikane. Yaani adui amekalia mlango wa mjumbe wa amani. Na mwaka 2015 madaktari wa Blantyre, Malawi, waliowapiga watoto picha za ubongo kwa mashine, walieleza kwamba watoto wanaokufa kwa malaria ya kichwa wengi wao ubongo umevimba sana. Jinsi uvimbe ule unavyotokea hatua kwa hatua bado unachunguzwa. Mtoto mwenye degedege na homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Yule ndugu tulimkuta akipalilia alizeti. Alitukaribisha uji, akatuonyesha paja lilipochomwa sindano, kana kwamba alama bado ipo. Tulimwuliza kama atarudi mtini. Mganga amemkataza, na mizinga yake 14 amemwachia mdogo wake. Katika nchi nyingine watu kama yeye hupewa sumu ya nyuki kwa sindano ndogo ndogo, miaka mitatu hadi mitano, mpaka mwili uizoee. Tulimweleza hivyo. Akacheka, akasema yeye sumu ameshapewa ya kutosha, na kwamba asali ataendelea kuila, kwani hakuna aliyemkataza kula.